Sili Iliyopinda

Gari la Yasinta liliingia uani kwa Nurdini saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa saba, wakati upepo wa Dodoma bado una baridi ya kuuma masikio na vumbi linalomfanya mtu ateme mate kila baada ya maneno matatu. Nurdini alikuwa amekalia kigogo kando ya karakana yake, akishushia kidonge cha mgongo kwa chai ya rangi. Kabla hajaliona gari lenyewe harufu ilikuwa imeshamfikia. Ilikuwa oili inayoungua.

Dada aliyeshuka alikuwa na umri wa binti yake, mwalimu kwa jinsi alivyobeba madaftari kifuani. Alifunga mlango wa gari kwa kuusukuma na nyonga, kama mtu aliyeacha kulionea huruma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Linavuja tangu lini?"

"Umejuaje kama linavuja?"

"Nimelinusa."

Yasinta alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. Alieleza kwamba amepanga hapa hapa Ipagala lakini anafundisha sekondari upande wa Bahi, na kila siku anaondoka alfajiri na walimu wenzake watatu, wanarudi jioni. Gari lilianza kudondosha oili baada ya Pasaka. Fundi alibadilisha gasketi ya kava la juu la injini, halikupona. Akashusha gia boksi, akabadilisha sili ya nyuma, ile inayozuia oili pale injini inapokutana na gia boksi. Halikupona. Mara ya tatu akapaka gundi.

"Mara tatu, baba, na mara zote ananiambia sasa limepona. Jana tumefika Kigwe moshi ukaingia ndani. Mwenzangu mmoja ni mjamzito, akaanza kutapika. Tukashuka, tukasimama kando ya barabara kama mbuzi walioshushwa mnadani. Na klachi nayo imeanza kuteleza." Alitazama lile gari. "Nimechoka. Nimechoka na gari, nimechoka na mafundi. Naomba usikasirike."

"Sikasiriki. Fundi gani huyo?"

"Mzee mmoja yuko Chang'ombe, hapa hapa mjini. Nikodemo. Nilisifiwa sana kwake."

Nurdini aliweka kikombe chini taratibu, akakiangalia kama kwamba kingeweza kuanguka.

"Liache," akasema. "Nipe leo na kesho."

Yasinta alipopanda bodaboda na kuondoka, Nurdini aliendelea kukaa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Katika hiyo, ishirini na miwili aliitumia bega kwa bega na Nikodemo. Walikutana katika karakana ya kampuni moja ya ujenzi wa barabara, yeye akiwa Mrangi kijana ametoka Kondoa na begi moja, Nikodemo akiwa Mgogo wa Mpwapwa mwenye miguu mirefu na mdomo mfupi. Kampuni ilipofungasha virago wao walifungua gereji yao Majengo, wakala sahani moja, wakazikiana wazazi. Sili za nyuma zilikuwa za Nikodemo. Hata Nurdini mwenyewe alikuwa akimwachia. Nikodemo aliupaka mdomo wa sili oili kwa ncha ya kidole, akaizungusha mbele ya uso wake kwenye mwanga, akaigongagonga mahali pake kwa kipande cha mti, huku na huku, polepole, mpaka ikakaa kama imezaliwa pale.

Halafu, miaka mitano iliyopita, gari la mteja lilirudi likiwa na boliti mbili zisizofungwa. Nurdini alikuwa na njaa siku ile, na joto lilikuwa kali, na mteja alikuwa anafoka. Mbele ya mteja huyo na mafundi wengine wanne alisema, "Nikodemo, hii ni kazi ya kipofu." Wengine walicheka. Wiki iliyofuata Nikodemo alikusanya vifaa vyake akahamia Chang'ombe, na Nurdini, ambaye hakuweza tena kukaa pale Majengo, akaja Ipagala.

Aliinuka. Mgongo ukamkumbusha kuwa upo.

Hakutaka kuanza na maneno ya mtu yeyote, si ya Yasinta wala ya Nikodemo. Oili ikitoka juu hushuka, upepo wa safari ukaisukuma nyuma, ikapaka kila kitu njiani, na anayechungulia chini tu atalaumu kisichohusika. Kwa hiyo aliiosha injini kwanza kwa brashi na dizeli, halafu kwa maji ya sabuni, akaiacha ikauke upepo ukimsaidia. Alinunua dukani poda ya watoto, akaipulizia kila alipopashuku: kuzunguka kava la juu, kwenye kichungi cha oili, ubavuni, na nyuma pale injini inapoungana na gia boksi. Injini ikawa nyeupe kama keki. Akaiwasha, akaliendesha gari mpaka barabara kuu na kurudi, mara nne, akatandika boksi chini na kulala chali.

Kava la juu lilikuwa kavu. Kichungi kikavu, ubavu mkavu. Nyuma, chini kabisa, poda ilikuwa imechorwa mstari mweusi unaong'aa, na tone lilikuwa linanenepa mwisho wake. Lilidondoka juu ya boksi, sentimita chache kutoka shavuni mwake.

"Basi ni sili," alijiambia. Hakufurahi. Maana yake ilikuwa gia boksi ishuke, na gia boksi haijali umri wa mtu.

Alimwita Geofrey, mchomeleaji wa jirani, mwanaume mwenye kifua kipana na asiye na maswali mengi. Walishughulika mpaka adhuhuri. Wakati wanalegeza boliti Nurdini alianza kuona vitu vilivyomkaa vibaya. Boliti moja ndefu ilikuwa imelazimishwa kwenye tundu la boliti fupi. Nyingine haikuwepo kabisa. Gundi ya gasketi ilikuwa imepakwa pasipohitaji gundi, mabonge mabonge, na mahali pengine imeruka sentimita mbili nzima. Klachi ilikuwa imelowa oili.

Walipoondoa kila kilichoziba, Nurdini aliwasha tochi, akaisogeza karibu na sili. Ilikuwa mpya. Iliingia imepinda, upande wa juu umezama ndani zaidi ya upande wa chini. Mdomo wake laini ulikuwa umekunjika kwa ndani, na ile springi nyembamba inayoubana mdomo ilikuwa imechomoka, inaning'inia.

"Hii imefungwa na mlevi," alisema Geofrey.

"Hajawahi kunywa," alijibu Nurdini.

Hasira ilimpanda kwanza. Ilikuwa hasira ya zamani, ile ile ya Majengo, na alikuwa amechoka kiasi cha kuiachia ifanye inavyotaka. Alijiona anafika Chang'ombe na ile sili mkononi. Lakini alipokuwa anaichomoa, akiwa bado amelala chali, alikumbuka msiba wa mwaka jana kule mtaa wa Kikuyu, wa msimamizi wao wa zamani. Nikodemo alipita mbele yake, umbali wa mkono mmoja. Nurdini alinyoosha mkono wa salamu, na Nikodemo akapita tu, uso mkavu, akaenda kukaa. Ule mkono ulibaki hewani mbele ya watu. Miezi kumi na moja Nurdini alikuwa amebeba fedheha hiyo, akimhadithia mkewe Hamida kila alipopata nafasi.

Sasa alikumbuka kitu kingine cha siku ile. Mkewe Nikodemo, Jenifa, alikuwa ametangulia hatua moja, na mume wake alikuwa ameshika ncha ya khanga yake.

Nurdini alizima tochi. Geofrey aliuliza kama ameumia.

"Hapana. Nenda kale, tutaendelea baadaye."

Yasinta alipiga simu saa tisa. Nurdini alimweleza ukweli wa gari: ni sili ya nyuma, iliingia vibaya, na klachi itabidi isafishwe, ikishindikana ibadilishwe.

"Kwa hiyo yule mzee ndiye aliyeniharibia."

"Aliifunga vibaya, ndiyo."

"Mara tatu ananidanganya! Basi leo hii naandika kwenye kundi letu la walimu, mtu asipeleke gari pale. Kuna mwenzetu gari lake liko huko sasa hivi, anafungiwa breki."

Neno breki lilimwingia Nurdini kama maji ya baridi. Kuvuja ni moshi na kero. Breki ni kitu kingine.

"Mwanangu, nisikilize," alisema. "Mwambie mwenzako asilichukue gari kabla sijafika pale. Hilo mwambie sasa hivi. La kundi zima, nipe mpaka jioni."

"Kwa nini nimfichie?"

"Hufichi. Nakuomba jioni tu. Kama sikukupigia, andika."

Alisikia pumzi yake kwenye simu. "Jioni," akasema, akakata.

Chang'ombe ilikuwa na vumbi kuliko Ipagala. Gereji ya Nikodemo ilikuwa uwanja wenye kibanda cha mabati, safi kupita kiasi. Spana zilikuwa zimetundikwa ukutani juu ya meza kwa ukubwa, kila moja kwenye msumari wake, kama vijiko vya mtu anayejua lazima avipate bila kutafuta. Nikodemo alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya gari la bluu, mgongo wima, anafuta mikono. Alikuwa amekonda. Alikuwa anatazama mlangoni, lakini macho yake yalikuwa yametua pembeni kidogo ya pale Nurdini aliposimama.

"Karibu," alisema. "Nani?"

Walikuwa hatua sita tu, na jua lilikuwa nyuma ya Nikodemo.

"Mbukwa," alisalimia kwa Kigogo, salamu ambayo Nikodemo alimfundisha mwenyewe zamani, akimcheka matamshi.

Mikono ya Nikodemo ilisimama juu ya kitambaa.

"Unaisema vibaya hadi leo," akasema. Halafu sauti ikabadilika. "Umefuata nini, Nurdini? Kuna watu hapa?"

"Hakuna mtu."

"Safari ile ulingoja watu wawepo."

"Ndiyo. Nilikosea." Nurdini alitafuta pa kukaa, akapata ndoo iliyopinduliwa. "Nilikosea siku ile, na kila siku niliyokaa bila kuja kusema. Ningekuja mapema, ila ni jeuri tu."

Kuku alipita kati yao. Ndani ya nyumba Jenifa alikuwa anatwanga kitu, na kinu kikanyamaza.

"Gari la mwalimu liko kwako," alisema Nikodemo mwisho.

"Liko kwangu."

"Ile sili. Imekaaje?"

Nurdini alikuwa amejitayarishia maneno ya kuzunguka, njiani kote, juu ya bodaboda. Hakuyatumia. "Imepinda. Juu imezama kuliko chini. Mdomo umekunjika, springi imetoka."

Nikodemo alitikisa kichwa polepole, kama anayesomewa matokeo aliyokwisha kuyajua. "Niliisikia ikigoma. Vidole viliniambia. Nikavibishia, nikasema imekaa. Binti wa watu alikuwa anangoja, na mimi nilikuwa nataka iwe imekaa." Alijipangusa paji la uso. "Jicho la kulia limekufa kabisa. La kushoto naona kama natazama kupitia bomba. Kinachokuwa katikati nakiona. Pembeni hakuna kitu."

"Tangu lini?"

"Unaniuliza wewe? Wewe ndiye wa kwanza kuniambia." Alicheka bila furaha. "Kazi ya kipofu. Neno lile lilinipeleka hospitali, Nurdini. Nilikwenda ili nije kukuonyesha karatasi kwamba macho yangu mazima. Daktari akasema ni presha ya macho, na iliyokwisha kupotea hairudi. Nikahama. Ningekaaje pale, na wewe ulikuwa umesema kweli?"

Nurdini aliinamisha kichwa. Kwa miaka mitano alidhani amemuumiza rafiki yake kwa uongo wa hasira. Sasa ilikuwa mbaya zaidi, na hakuwa na nguvu ya kutafuta jina la jambo hilo.

"Dawa unatumia?"

"Nilitumia mwaka mmoja. Kisha nikaona, dawa ya nini, halirudi." Aligusa tairi la gari la bluu lililokuwa kando yake. "Hili la mwalimu mwingine. Breki nimefunga asubuhi, magurudumu yote manne. Lipitie."

"Sikuja kukupima."

"Lipitie!" Sauti ilipasuka. Jenifa alitokea mlangoni, akamwona Nurdini, akaweka mkono mdomoni. Nikodemo akashusha sauti. "Limepimwa na vidole vyangu tu. Mtoto wa mtu atapanda humu. Lipitie, tafadhali."

Basi Nurdini alivua shati la safari, akapiga jeki. Lilimchukua karibu saa nzima, gurudumu baada ya gurudumu, akipiga magoti kwenye kokoto, na kila alipoinuka alishika gari kwanza. Alitazama kila springi, kila pini, kila boliti. Nikodemo alibaki kwenye kigoda, akifuatilia sauti za spana kwa kuinamisha sikio. Jenifa alileta maji ya kunywa, akakaa kizingitini, mikono mapajani.

Nurdini alipofunga gurudumu la mwisho alikaa chini kabisa, mgongo kwenye mlango wa gari.

"Ziko sawa," alisema.

"Zote?"

"Zote nne. Mimi nisingefunga vizuri hivi."

Nikodemo alifumba macho. Nurdini alidhani atafurahi, na kwa kitambo uso ule mrefu ulilegea kweli. Kisha akasema, taratibu sana, "Leo."

Jenifa aliinua uso.

"Leo ziko sawa," alirudia. "Na sili nayo nilidhani iko sawa. Siwezi kuzitofautisha, Nurdini. Zote zinanipa amani ile ile mkononi." Akageuza uso kuelekea alipokuwa mke wake. "Jenifa, lete simu. Nipigie yule mwalimu wa kwanza."

"Niache mimi nizungumze naye," alisema Nurdini. "Nilimwahidi."

"Hapana. Gari lake mimi nimeliharibu."

Jenifa alitafuta namba, akaiweka simu sikioni mwa mumewe. Nurdini alisikia upande mmoja tu. Nikodemo alijitaja jina, akasema kwamba sili ilipinda kwa sababu haoni vizuri, kwamba alijua haoni vizuri, na kwamba hakupaswa kuligusa gari lake, wala hatagusa jingine. Hakuongeza chochote cha kujipendezesha. Halafu alisikiliza kwa muda mrefu. Mwishoni akasema, "Ndiyo, mwalimu. Hilo nastahili," na baada ya kusikiliza tena, "Asante, mwanangu."

"Kasema nini?" aliuliza Jenifa.

"Kanisema. Kisha kauliza kama nina mtu wa kunipeleka hospitali."

Kesho yake Nurdini na Geofrey walifunga sili mpya. Nurdini aliupaka mdomo oili kwa ncha ya kidole, akaizungusha kwenye mwanga, akaigonga kwa kipande cha mti, huku na huku, bila haraka. Alitumia muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. Akasafisha klachi, akatafuta boliti za urefu unaostahili, akakwangua gundi yote iliyozidi. Gia boksi ilipopanda mgongo ulimkata hadi akaona nyota mchana, ikabidi Geofrey afunge nusu ya boliti huku yeye akimwelekeza kutoka kwenye kigogo. Aliipulizia poda tena. Akaendesha mara nne mpaka barabara kuu, akatandika boksi safi, akalala chini.

Poda ilibaki nyeupe. Alisubiri dakika kumi, halafu kumi nyingine, si kwa sababu gari lilihitaji. Kulala tu pale kulikuwa kuzuri kuliko kuinuka.

Yasinta alikuja jioni. Alichungulia chini ya gari, akaona boksi kavu, akashusha pumzi mpaka mabega yakashuka.

"Nilikuwa nimejiandaa kumtukana," alisema. "Maneno nilikuwa nayo yote. Na mengine nilimwambia kweli. Hakubisha hata moja."

"Kwenye kundi umeandika?"

"Nimeandika kwamba mzee ameacha kazi, waje kwako." Alipanda, akawasha, akasikiliza injini kwa hofu ya mtu aliyeumwa na nyoka. "Baba, nikirudi tena?"

"Ukirudi nitalifungua tena. Usiende mbali nalo wiki hii bila kutazama oili."

Hakurudi isipokuwa mara moja, gari litazamwe tu, na lilikuwa kavu.

Nikodemo alifunga ile gereji mwisho wa mwezi. Aliwapigia simu wateja wote mwenyewe, Jenifa akimsomea majina, na baadhi walimpa maneno makali. Spana zake hakumpa mtu. Zilibaki ukutani kwenye misumari yake, na Nurdini hakuthubutu kuziulizia.

Jumatatu moja ya mwezi wa nane wazee hao wawili walikwenda kliniki ya macho. Daktari, baada ya kuona vipimo vya wiki iliyotangulia, alikuwa amesema kwenye simu kwamba la kushoto bado linaweza kulindwa, kwamba kilichobaki ni kingi kuliko Nikodemo anavyodhani, ila matone yasikose. Walifika saa mbili. Benchi lilikuwa karibu kujaa watu waliofunikwa macho kwa pamba, na dirisha la wauguzi lilikuwa limefungwa. Nurdini alimwelekeza rafiki yake pa kukaa, akaketi naye, akaegemeza kichwa ukutani. Walizungumza kidogo juu ya mvua za mwaka huu, juu ya mjukuu wa Nikodemo aliyeko Mpwapwa anayesomea mifugo.

Nurdini hakujua usingizi ulimchukua saa ngapi. Alichosikia ni mkono begani unamtikisa, mkono mgumu wenye harufu ya sabuni.

"Amka," alisema Nikodemo. "Wametuita."